Barua ya wazi kwa wakuu wa polisi kuhusu bunduki zinazobebwa Kisii na Nyamira

Kwa Inspekta Jenerali wa Huduma ya Taifa ya Polisi,
na kwa Makamanda wa Polisi wa Kaunti za Kisii na Nyamira.

Waheshimiwa,

Barua hii inatambua uzito wa kazi ya askari anayekesha kwenye baridi ya Borabu au katikati ya mji wa Kisii ili wengine walale, lakini haitazunguka mbuyu. Lalamiko lake ni moja. Kila risasi inapotoka bila kukusudiwa na kumjeruhi au kumuua mtu, umma huambiwa kwamba bunduki "ilifyatuka yenyewe", na mara nyingi maelezo huishia hapo, kana kwamba chuma kina hiari yake. Maneno hayo hayatoshi kuwa jibu, kwa sababu bunduki ni mashine ambayo kila kitendo chake kina chanzo kinachoweza kutafutwa na kupatikana, na karibu vyanzo vyote viko katika mambo mawili yaliyo chini ya mamlaka ya ofisi zenu, yaani namna bunduki inavyoshikwa na namna inavyotunzwa. Hoja zinazofuata zimepangwa kwa nambari ili zijibiwe moja baada ya nyingine.

1. Gusii, yaani Kaunti za Kisii na Nyamira, haina upande mtupu. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ina watu 1,266,860 na Nyamira ina watu 605,576, na msongamano wa Kisii unazidi watu 900 kwa kila kilomita mraba, ingawa sehemu kubwa ya kaunti hiyo ni mashamba ya chai, migomba na mahindi. Risasi ya bunduki aina ya G3 hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 800 kwa sekunde na ile ya AK kwa karibu mita 700, na zote mbili huweza kuua mtu aliye zaidi ya kilomita moja kutoka ilikopigwa bunduki, wala mabati au ukuta wa udongo hauzizuii. Kanuni ya kwanza ya silaha kote duniani ni kuelekeza mdomo wa mtutu upande ulio salama. Katika nchi tambarare yenye vichaka upande huo waweza kuwa kule mbali, lakini kwenye miteremko ya Manga au ya Kiabonyoru kule mbali ni boma la mtu, na chini ya boma hilo kuna boma jingine. Upande salama huku ni udongo mtupu, si lami wala saruji ambayo risasi huigonga na kuruka, au ni kitu kilichojengwa kwa kusudi hilo hasa. Hata hivyo askari huonekana wamepakiwa kwenye bodaboda, bunduki ikining'inia kwa mkanda na mdomo wa mtutu ukimwelekea mwendeshaji, au wamesimama sokoni siku ya soko wakiwa wameiegemeza begani ikiwaelekea akina mama wanaouza ndizi nyuma yao. Hilo halihitaji fedha wala vipuri ili lirekebishwe, na ndiyo maana kuendelea kwake kunauma zaidi.

2. Ajali nyingi huzaliwa wakati wa kuondoa risasi, si wakati wa kuzitumia. Magazini ni kasha linalochomekwa chini ya bunduki na kubeba risasi, kwa kawaida 20 kwa G3 na 30 kwa AK. Chemba ni tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi moja hukaa tayari kupigwa. Na boliti ni kipande cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma, kikichota risasi kutoka kwenye magazini na kuisukuma chembani. Askari anayevuta boliti kabla hajaondoa magazini huiona risasi iliyokuwa chembani ikiruka na kuanguka chini, naye huridhika, ilhali boliti inaporudi mbele huchota risasi nyingine na kuiweka mahali palepale. Kisha huondoa magazini, huamini kwamba bunduki ni tupu, huvuta kifyatulio ili kuilegeza nyundo ya ndani, na risasi ambayo hakuijua hutoka. Katika hali hiyo bunduki haikufyatuka yenyewe hata kidogo, bali ilifanya sawasawa kile ilichoamriwa na mtu aliyegeuza mpangilio wa hatua mbili.

Utaratibu ulio sahihi ni mfupi na hauna kigugumizi: mdomo wa mtutu unaingizwa katika pipa lililojazwa mchanga, kidole kinakaa nje ya kikinga cha kifyatulio, magazini inatoka kwanza, boliti inavutwa nyuma kabisa na kushikiliwa hapo, jicho linatazama chembani na, usiku, ncha ya kidole inaingizwa kupapasa, kwa sababu kwenye giza la ghala la silaha ganda la shaba lililochafuka halitofautiki na kivuli. Askari wa pili anatazama na kuthibitisha kwa sauti. Pipa la mchanga ni jambo la gharama ndogo mno, na kituo kisicho nalo kinawaacha askari wake waondoe risasi wakielekeza bunduki angani, ukutani, au sakafuni ambako wenzao wamesimama.

3. Askari mmoja hupewa bunduki mbili zenye tabia zinazopingana. Polisi wa Kenya wamezoeleka kubeba G3, bunduki ya Kijerumani iliyoingia jeshini mwa Ujerumani Magharibi mwaka 1959, na bunduki za jamii ya AK zenye asili ya Kisovieti. Katika G3 ya kawaida, swichi ya usalama iko upande wa kushoto, na ikitolewa kwenye usalama hufika kwanza kwenye risasi mojamoja, kisha kwenye mfululizo. Katika AK, swichi ni wenzo mrefu ulio upande wa kulia, na ukishushwa kutoka kwenye usalama hufika kwanza kwenye mfululizo, na risasi mojamoja iko chini kabisa. Askari aliyezoea G3 na kukabidhiwa AK jioni moja, akishtushwa gizani na kuusukuma wenzo hatua moja tu kama alivyozoea, ameiweka bunduki katika hali ya kumwaga risasi mfululizo bila kujua.

Tofauti haiishii hapo. G3 inaweza kuvutwa boliti na kuondolewa risasi ikiwa kwenye usalama, na mkono wake wa kuvutia una pengo la kuishikilia boliti ikae wazi wakati wa ukaguzi. AK ikiwa kwenye usalama, wenzo wenyewe huzuia boliti kurudi nyuma kabisa, hivyo anayetaka kuondoa risasi hana budi kwanza kuitoa kwenye usalama, na kwa kawaida boliti haina mahali pa kukaa wazi, kwa hiyo lazima ishikiliwe kwa mkono huku chemba ikitazamwa. Maana yake ni kwamba katika dakika ile nyeti kuliko zote, AK haina kinga nyingine isipokuwa mwelekeo wa mtutu na kidole kilicho nje ya kifyatulio. Risasi za bunduki hizi mbili nazo hutatanisha, kwa kuwa zote huitwa za milimita 7.62, ilhali ganda la G3 lina urefu wa milimita 51 na la AK milimita 39, na kuzihifadhi katika sanduku moja kwa kuwa zina jina moja ni kuandaa mkwamo siku ya hatari. Mafunzo ya chuoni, yawe ya Kiganjo au ya Embakasi, hayawezi kumtosha askari kwa miaka 10 ya kazi kama hajazoezwa upya kwa bunduki ile hasa anayokabidhiwa.

4. Mvua ya Gusii ni adui wa chuma, nayo inajulikana. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ya mwaka huzidi milimita 1,500, na hakuna mwezi ambao mtu anaweza kuahidi kwamba haitanyesha. Bunduki iliyoloa kwenye doria ya usiku na kurudishwa ghalani bila kupanguswa huanza kushika kutu kabla ya zamu inayofuata, na kutu haianzii pale inapoonekana, bali hukaa ndani ya chemba, kwenye springi ya magazini na kwenye tundu la sindano, yaani kijiti cha chuma kinachopigwa na nyundo ili nacho kigonge fataki, kile kiwashio kidogo kilicho kwenye kitako cha risasi.

Sindano ya AK inastahili kutajwa peke yake. Katika bunduki nyingi za jamii hiyo sindano haina springi ya kuirudisha nyuma, bali huelea huru ndani ya boliti. Ikikwama mbele kwa sababu ya kutu, grisi iliyoganda au uchafu wa baruti, ncha yake hubaki imejitokeza, na boliti inapofungwa inaweza kuigonga fataki bila mtu yeyote kugusa kifyatulio. Hii ni mojawapo ya hali chache ambazo askari anaweza kusema kweli kwamba hakuvuta kitu, lakini hata hapo bunduki haikujiamulia, kwa kuwa kuna siku ambayo mtu alipaswa kuitoa sindano hiyo, kuisafisha, kuikausha na kuitikisa boliti karibu na sikio ili asikie kama inacheza, naye hakufanya hivyo au hakufundishwa kufanya hivyo.

G3 ina udhaifu wa namna nyingine. Boliti yake haifungwi kabisa wakati risasi inapolipuka, bali hucheleweshwa na rola mbili ndogo za chuma, hivyo ganda huanza kutoka chembani wakati shinikizo la gesi bado ni kubwa. Ili ganda lisinate, chemba imechongwa mifereji myembamba inayopitisha gesi kuzunguka ganda. Mifereji hiyo ikijaa masizi, ganda hung'ang'ania na kukataa kutoka, na kitambaa cha kawaida hakifiki ndani yake. Inahitaji brashi ya chemba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kuna pia suala la chumvi. Baadhi ya risasi za zamani zilizotengenezwa katika nchi za kambi ya Mashariki zina fataki yenye klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha ndani ya mtutu chumvi inayofyonza unyevu wa hewa. Oili haiyeyushi chumvi. Mtutu uliotumia risasi hizo hauna budi kuoshwa kwa maji ya moto, kukaushwa kabisa, kisha kupakwa oili nyembamba, na yote hayo yafanyike siku ileile, kwa maana katika hewa ya Nyamira kesho yake kutu itakuwa imekwisha kuanza. Oili yenyewe iwe ya silaha na iwe kidogo, kwani ikizidi hukusanya vumbi la barabara za murram na, kwa askari wa upande wa Tabaka, unga laini wa mawe ya kuchongea, na mchanganyiko huo hugeuka kuwa tope linalosaga chuma. Oili chafu ya gereji haifai hata kwa dharura. Na kitambaa kinachochomekwa mdomoni mwa mtutu ili kuzuia mvua ni hatari iliyojificha, kwa kuwa kikisahauliwa, risasi inayokikuta inaweza kuupasua mtutu usoni mwa askari.

Jambo la kusikitisha ni kwamba anayelipa gharama ya uzembe huu mara nyingi ni askari mwenyewe. Anayetumwa mpaka wa Borabu na Sotik, ambako ghasia za mapema 2008 ziliwafanya watu wengi wakimbie makwao, au mpaka wa Gucha na Transmara, anatumwa akiwa amebeba chombo ambacho hana hakika nacho. Akikabiliwa na wezi wa mifugo wenye silaha na ganda likanata chembani, hana nafasi ya pili.

5. Uchakavu hupimwa, haukisiwi. Katika G3 kuna pengo dogo kati ya kichwa cha boliti na kibebeo chake, ambalo kwa bunduki nzima linapaswa kuwa kati ya milimita 0.1 na 0.5 wakati boliti imefungwa na chemba ni tupu. Kadiri rola zinavyolika, pengo hupungua, na likifika sifuri boliti hufunguka mapema kuliko inavyotakiwa. Fundi hupima kwa vibati vyembamba vya chuma, kama vile fundi wa magari anavyopima mwanya wa plagi, na akikuta pengo limepungua hubadilisha rola kwa nyingine zenye unene mkubwa kidogo. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Vivyo hivyo sehemu inayoishika nyundo isiachie hadi kifyatulio kivutwe hulika kwa miaka, na bunduki yenye sehemu iliyolika inaweza kuachia nyundo ikiangushwa sakafuni. Mambo haya hayaonekani kwa macho ya askari wa zamu, hata awe mwangalifu kiasi gani, na kwa hiyo si haki kumlaumu yeye ikiwa hakuna fundi wa silaha aliyepita kituoni mwake. Nchi ambayo imekuwa na kiwanda chake cha risasi Eldoret tangu miaka ya 1990, na ambayo Aprili 2021 ilifungua kiwanda cha bunduki Ruiru, haiwezi kusema kwamba vipimo na rola ni vitu vya anasa.

6. Risasi nazo huzeeka. Ile ya juu kwenye magazini, ambayo huingizwa chembani na kutolewa kila zamu, hugongwagongwa hadi kichwa chake kikazama ndani ya ganda, na shinikizo lake likipigwa hupanda kupita kiasi. Iliyoota kutu ya kijani itupwe kwenye chombo maalumu. Isiyolipuka isitolewe mara moja, bali mtutu ubaki umeelekezwa upande salama kwa nusu dakika, kwa kuwa baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Na mlio hafifu usio wa kawaida ni amri ya kusimama na kukagua mtutu, maana huenda kichwa cha risasi kimekwama humo.

7. Sheria imekwisha kusema. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linataka kila matumizi ya bunduki yaripotiwe mara moja kwa mkubwa wa askari hata kama hakuna aliyeumia, na yakisababisha kifo au majeraha mabaya yaripotiwe kwa mamlaka huru ambayo Wakenya wameizoea kwa jina la IPOA. Jedwali hilohilo linamtaka Inspekta Jenerali aweke kanuni za kudhibiti utunzaji na utoaji wa silaha, sharti linalowiana na Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990. Nayo Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogondogo, ambayo Kenya ni mwenyeji wa ofisi yake ya kikanda, inahimiza kila bunduki iwe na alama na kumbukumbu. Gusii, ambayo mwaka 1905 na 1908 ilikutana na bunduki za dola katika operesheni za kuwaadhibu watu wenye mikuki, ina sababu za kale za kutaka kuona karatasi hizo zikigeuka kuwa matendo.

Kwa hiyo ofisi zenu zinaombwa yafuatayo, na zinaombwa kwa msisitizo. Kila kituo na kila kambi katika kaunti hizi mbili, kuanzia Keroka na Ogembo hadi Nyansiongo na Nyamarambe, kiwe na pipa la mchanga lililofunikwa lisinyeshewe, na pasiwe na bunduki inayoingia au kutoka ghalani bila kupitia hapo mbele ya askari wa pili. Kila bunduki ikabidhiwe askari anayejulikana, badala ya kuchukuliwa yoyote iliyo karibu na mlango, na iwe na daftari lake linaloonyesha siku iliyosafishwa, siku iliyopimwa, sehemu zilizobadilishwa na kila mkwamo uliotokea. Fundi wa silaha azuru kila ghala mara mbili kwa mwaka akiwa na vipimo vyake, na awe na mamlaka ya kuiondoa bunduki kazini papo hapo bila kusubiri ruhusa ya mkuu wa kituo. Brashi za chemba, vitambaa na oili ya silaha vigawiwe kwa hesabu ya bunduki, askari wasiachiwe kujinunulia. Kila askari azoezwe upya uwanjani angalau mara mbili kwa mwaka kwa aina ya bunduki anayobeba, ikiwa ni pamoja na kuondoa mkwamo gizani. Ubebaji wa bunduki iliyo na risasi chembani kwenye bodaboda upigwe marufuku kwa waraka, na waraka huo ubandikwe vituoni ambako raia wanaweza kuusoma.

Ombi la mwisho linahusu maneno. Panapotokea risasi isiyokusudiwa, bunduki husika ifungiwe kando bila kusafishwa wala kufunguliwa, ikaguliwe na fundi asiye wa kituo hicho, na taarifa kwa umma itaje sababu kwa jina lake: mpangilio uliogeuzwa, sindano iliyokwama, sehemu iliyolika, au kidole kilichokuwa mahali pasipostahili. Familia iliyompoteza mtu ina haki ya kuambiwa ni ipi kati ya hizo, na askari asiye na kosa ana haki ya kusafishwa jina kwa ushahidi.

Majibu yanasubiriwa kabla ya mvua kubwa za Machi, na makamanda wa kaunti wanaombwa wayasome wenyewe kwenye mabaraza ya machifu, mbele ya wakazi watakaokuwa na nafasi ya kuuliza maswali.

Kwa heshima,
Mkazi wa Gusii